Jinsi Kamati Yetu Ilivyoiteka Ngome ya Alderwick

Inatangazwa kwa wanyama wote wa msituni, wenye mikia na waliokatika mikia, kwamba Kamati ya Kuteka Ngome imetimiza jukumu lake. Alderwick imetekwa. Mwenye kubisha aje ofisini kwangu, pale jikoni kando ya pipa la unga, nimwonyeshe hati yenye muhuri.

Mimi ni Bibi Sorrel, panya, mpishi wa Kamati tangu ilipoundwa. Wajumbe ni tisa. Mwenyekiti ni Jemadari Brackston, kicheche mwenye kifua kilichojaa nishani, na Katibu ni Pennifold, mbweha anayeandika kila kitu. Ukipiga chafya kikaoni, anaandika: "Mjumbe alipiga chafya. Hoja haikuungwa mkono."

Utekaji ulifanyika kitaalamu, hatua kwa hatua. Kwanza tulichimba handaki. Wazo la kuwauliza fuko njia lilikataliwa, maana fuko hawana vyeo. Tukachimba siku arubaini, tukaibukia ndani ya hema la Jemadari, chini ya kitanda. Katibu aliandika: "Ngome imesogea."

Pili tulimpeleka jasusi, amefungwa bendeji kichwani kama msafiri aliyejeruhiwa. Wenyeji wakampokea, wakamkanda, wakamlaza. Baada ya wiki alitutumia ripoti ya siri. Iliandikwa: "Supu ni nzuri." Hatukumwona tena. Ripoti ilipokelewa kwa kauli moja.

Tatu tulikwenda na gogo la kubomolea lango. Wenyeji wakatumwagia uji wa moto kutoka ukutani. Katibu aliandika: "Mstari wa mbele umepatiwa kifungua kinywa."

Sasa katika mstari huo wa mbele alikuwemo mjukuu wangu Tansy. Alirudi sikio limebabuka, ananuka shayiri na asali. Nikalipaka mafuta.

"Watatupeleka tena, bibi," akasema. "Mimi tena mbele. Nimesoma kwenye orodha."

"Wewe unataka nini?"

"Nataka kufika masika nikiwa na masikio mawili. Ni mengi hayo?"

Nikamwambia si mengi. Nikafunga aproni, nikaenda kikaoni na chai.

Kikao hicho ni cha kumi na saba. Jemadari alikuwa anagonga meza. "Gogo tena! Kubwa zaidi! Bibi, mbona chai imepoa?"

"Imekusubiri umalize kugonga, Mheshimiwa. Nina ushauri mdogo wa jikoni. Mwende siku ile fupi kuliko zote za baridi. Siku ikiwa fupi, na chakula cha mchana kitakuwa kifupi."

Wajumbe wakatikisa vichwa kwa hekima. Katibu akaandika: "Vita vifupi. Imepita."

"Na gogo liwe la mti mkavu," nikaongeza, "wabebaji wasichoke. Na waimbe njiani."

"Nyimbo huongeza ari," akasema Jemadari, kama vile wazo alilitunga yeye. "Ila maafisa hawabebi. Ni kanuni. Mkono wa afisa haugusi mzigo."

"Hata sikuota kuwaomba. Basi tuburudike kidogo. Kitendawili!"

"Tega!" wakaitikia wote tisa. Ukishaona kamati inaitikia haraka hivyo, jua kazi imeisha tangu asubuhi.

"Mgeni wangu hana mkono wala mguu, akifika mlango hufunguliwa."

"Nyoka!" akasema Jemadari.

"Siyo."

"Hofu! Hofu ya jina langu!"

"Jina lako lina miguu, Mheshimiwa, nimeliona likikimbia uji. Umeshindwa. Nipe mji."

Akacheka hadi nishani zikalia. "Haya, ajuza mchokozi, chukua Alderwick yote!"

Katibu akaandika, akapiga muhuri, maana karatasi isiyo na muhuri humnyima usingizi. Nikachukua nakala yangu.

"Na jibu?" akauliza Jemadari.

"Jibu ni gogo."

"Naam!" Akaruka. "Gogo la kubomolea! Mnaona? Hata mpishi anaelewa mkakati!"

Ikafika ile siku fupi, theluji imeshika matawi. Kila aliyewahi kubeba mzigo msituni humu anajua desturi ya Alderwick: siku hiyo, anayeleta gogo la meko ni mgeni wa nyumba, na kila aliyeligusa hukaa kando ya moto mpaka masika. Maafisa hawakuijua. Wangeijulia wapi?

Askari mia na ishirini wakabeba, wanaimba. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, sufuria kichwani, kiganja kimoja kimeshika ncha ya gogo. Wajumbe tisa walipanda kwenye kisiki kuangalia utekelezaji.

Tansy akafika langoni. Macho yake yalikuwa juu ukutani, kule ulikotoka uji. Akaita, "Hodi!"

Juu akatokea kichwa chenye miiba. Ni Mzee Hobday, kalunguyeye, bawabu wa lango.

"Hodi ya amani au ya uji?"

"Ya gogo, babu. Leo si siku yake?"

Mzee akainama, akaligonga gogo kwa fimbo. "Loo! Limekauka kama mbavu zangu! Mwaka huu hatulii moshi. Wote mmeshika?"

"Wote, babu."

"Ingieni basi. Na mpanguse miguu, nyumba hii ina mke wangu."

Lango likafunguka, pande zote mbili.

Jemadari, kule kisikini, akaona lango liko wazi na jeshi linamiminika ndani. "Imeanguka!" Akaja mbio na Kamati yake. Mzee Hobday akaweka fimbo katikati ya njia.

"Onyesha viganja."

Vilikuwa safi, laini, havina hata punje ya gome.

"Hujabeba wewe."

"Mimi ndiye Jemadari Brackston! Ngome hii ni yangu!"

"Samahani, Mheshimiwa," akakohoa Pennifold, akifunua daftari. "Kwa mujibu wa muhtasari wa kikao cha kumi na saba, uliigawa. Muhuri upo. Mwenye ngome ni mpishi."

Wakaniita. Nikatoka na mwiko mkononi.

"Bibi, wewe ni mtu wetu," akasema Jemadari, meno yanagongana. "Tufungulie."

"Kwa moyo wote, mwanangu. Leta gogo, kama wenzako. Utaratibu ni utaratibu."

Sikuwaacha wakae na njaa. Nimelea watoto kumi na mmoja. Tuliwateremshia uji wa moto kutoka ukutani, safari hii ndani ya mabakuli. Tansy ndiye aliyeshika kamba, masikio yake yote mawili ndani ya kofia ya sufu.

Wako hapo nje mpaka leo. Gogo wamelipata, zuri tu. Wameunda kamati ndogo ya kuchunguza ni nani atakayeshika ncha ya mbele.

Kitendawili: wako tisa, gogo moja, halinyanyuki.

Ukishindwa, usihangaike kunipa mji. Ninao.