Naomba Nisafirishwe Kama Bunduki

Billings, Montana
Ijumaa, kesho msimu wa kuwinda kulungu unafunguliwa

Kwako Mkuu wa Mizigo wa shirika la ndege lililonileta huku,

Amani ya Bwana iwe nawe, na iwe na begi langu popote lilipo. Mimi ni Ardith Stroup wa Arkansas, Mmethodisti tangu kuzaliwa. Kisomo changu si kikubwa, na ugomvi siujui. Hata mume wangu Hollis atakwambia hivyo, akipata nafasi ya kusema.

Nimekuja kwa mwanangu Dwight kwa mambo mawili. Kwanza, kumletea bunduki ya kuwindia ya marehemu babu yake. Pili, Jumapili hii mjukuu wangu Maren anabatizwa, naye afunikwe mfarishi ambao akina mama wa kanisa letu waliushona kwa vipande vya magauni ya marehemu mama yangu. Hollis ndiye aliyefunga mizigo: bunduki kwenye kasha gumu lenye kufuli, mfarishi kwenye begi. Bunduki imefika. Mfarishi haujafika, na mtoto hawezi kusubiri kwa sababu mchungaji Jumatatu anakwenda kupasuliwa goti.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Pale kaunta nilitamka wazi, kama sheria inavyotaka, kwamba nina bunduki na haina risasi. Mheshimiwa, ungeona! Nilifungua kufuli, kisha nikatazama dari na kuanza Zaburi, maana bunduki mimi siziangalii, zinanipa kiungulia. Kijana wa kaunta akainua kifuniko, akapapasa, akasema, "Mama wee! Mmeivisha kama bibi harusi!" Akaweka mle ndani karatasi yake ya rangi ya chungwa, ya kuthibitisha kwamba haina risasi, nikafunga. Begi langu lenye baraka za kanisa zima hakulisifu hata kidogo. Alilisukuma kwa goti.

2. Wanaume wawili walikuja kulichukua kasha. Mmoja alimkaripia mwenzake: "Taratibu, bwana, hivyo si viazi!" Mimi nilipokuwa napanda ndege hakuna aliyesema taratibu. Nilipewa kiti cha katikati, kati ya bwana mwenye viwiko na bwana mwenye usingizi.

3. Hapa Billings bunduki haikuzungushwa kwenye mkanda pamoja na mizigo ya watu wa kawaida. Ililetwa kwa mkono, na nikaombwa kitambulisho kabla ya kukabidhiwa. Mkanda nao ukazunguka mpaka ukabaki na kiti kimoja cha mtoto. Nikamuuliza binti wa mizigo. Akasema, "Begi lako limekwenda Orlando, Mama. Lina bahati, huko kuna jua." Nikamwambia, "Mwanangu, lile begi lina ubatizo ndani." Akaniandikia namba ya simu. Nimeipiga. Inapiga muziki.

4. Na hili nalisema kwa unyenyekevu: ufunguo wa kufuli la kasha nao umo kwenye begi. Najua, kanuni yenu inasema mwenye bunduki akae na ufunguo mwenyewe. Niliutia kwenye mfuko wa nje wa begi ili usipotee. Kwa hiyo kesho Dwight ataamkia mawindo ana kasha zuri lisilofunguka, na keshokutwa mtoto atafunikwa taulo la bafuni lenye picha ya samaki.

Basi, Mheshimiwa, kwa kuwa nimeona mnachokiheshimu, naomba nitakaporudi nyumbani mniandikishe kama bunduki. Sina risasi, mnaweza kunikagua. Nilazwe kwenye sponji, nibebwe na wanaume wawili, nikabidhiwe kwa Hollis mkononi, naye aonyeshe kitambulisho kwanza, itamfaa. Na mwakani kwaya yetu inasafiri. Naomba nayo ipokelewe vivyo hivyo. Wale wa sauti ya kwanza muwachukulie kama risasi, wawekwe kwenye boksi lao peke yao, kama kanuni inavyosema. Tutafurahi sote.

Nisalimie rubani, yule dada aliyegawa biskuti ndegeni, na bwana mwenye viwiko kama mna anwani yake. Nawaombea wote, hata Orlando.

Dada yako katika Kristo,
Ardith Stroup

N.B. Leo ni Jumapili jioni, na barua hii bado iko juu ya friji ya Dwight. Jana alfajiri alishindwa kuvumilia, akakata kufuli kwa msumeno. Bunduki ilikuwa imezungushiwa mfarishi tangu mdomo hadi kitako. Nikampigia Hollis. Akasema, "Mke wangu, ulitaka isikwaruzwe. Tena hukuniuliza." Kwa hiyo mfarishi ndio uliobebwa na wanaume wawili, na yule kijana wa kaunta alikuwa akiwasifu akina mama wa kanisa letu. Mwambie wamepokea. Maren amebatizwa akinuka mafuta ya bunduki, mchungaji akapiga chafya katikati ya Baba na Mwana, na mtoto hakulia.

Begi msilikimbilie. Ndani mna sweta za Hollis, alizojazia nafasi ya mfarishi, na ufunguo usio na kufuli.

Lile ombi langu pia lifutwe. Nimefikiria tena jinsi bunduki inavyosafiri: gizani, imefungwa, na ufunguo uko Orlando. Nitakaa kiti cha katikati.