Kibuyu cha Kasiksi kwa Ajili ya Ministre

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Sauti ile bado imo kichwani. Ilitoka mara moja tu, alfajiri, kabla ya kengele ya misa na kabla ya pikipiki za kwanza. Si kilio, si wimbo. Kama mtu anayepuliza ndani ya chungu kikubwa kitupu, kisha anangoja chungu kimjibu. Nilikaa kitandani bila kupumua. Chungu hakikujibu.

Nikapanda juu ya tangi la maji. Tumehamia mtaa huu wa Keshero juzijuzi, majirani bado siwajui. Nyuma ya ukuta wa mawe meusi ya volkeno, katikati ya bustani, alisimama korongo mwenye taji, yule ambaye watu wa milimani humwita musambi. Taji la nyuzi za dhahabu. Shavu jeupe. Alikuwa akitembea polepole, anainua mguu, anafikiri, ndipo anauweka chini. Sijawahi kuona kiumbe akitembea hivyo. Hata askofu.

Kisha akafungua mabawa. Kidogo nipige magoti juu ya tangi.

Msichana aliyekuwa akianika nguo kule chini aliniona. Aliniambia nitaanguka. Halafu akanieleza, bila kuulizwa, kwamba ndege anaitwa Ministre, yaani waziri, kwa sababu anatembea vizuri na hana kazi anayofanya. Baba yake humkata manyoya ya bawa la kulia kila yanapoota. Sasa yameota tena. Yakikomaa, mkasi.

Msichana anaitwa Joviale. Alisema neno mkasi kama mtu anayesema chumvi.

Nimeanzisha shirika. Jina: Sauti ya Mabawa. Rais: mimi, Élodie Nshobole, mwenye licence, yaani shahada, ya sheria. Wanachama: mimi. Kazi nimeitafuta Goma yote bila kuipata. Leo yenyewe imenipata.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Maandamano ya kwanza. Nilisimama mbele ya lango la jirani na kipande cha karatoni ya sabuni. Mwenye nyumba, Papa Zéphirin, anayeuza maharagwe ya Masisi, alitoka akaniuliza sabuni ni bei gani. Nikageuza karatoni upande wa maandishi: UHURU KWA MINISTRE. Akasoma kwa muda mrefu. Akaniuliza kwa sauti ya chini ni ministre gani wamemfunga.

Watu wakakusanyika. Wawili walikuwa upande wangu. Mzee mmoja alisema wamwache humo humo, na wenzake wamfuate. Ilinichukua muda kueleza kwamba ni ndege. Wote wakaondoka, wamechukia.

Papa Zéphirin hakuchukia. Aliniita ndani. Alinionyesha kofia yake ya zamani, ya kahawia, iliyotoboka. Watu wa kijiji chao walipokimbia vita, alimkuta Ministre akiwa kifaranga njiani, katikati ya miguu ya watu, akamtia ndani ya kofia. Akatembea naye kichwa wazi mpaka Sake, mpaka Goma. "Kule juu kuko masasi ya bunduki," alisema. "Huku kuko mahindi. Ninyi batu ya masomo munataka nimurudishe kwa masasi?"

Jibu ninalo hapa kwenye shajara: hofu ya mtu mmoja si sheria ya mbingu. Ningelisema pale pale kama Ministre asingepita kati yetu wakati ule, akagusa kofia kwa mdomo wake, taratibu, kama anayeijua.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Nimebadilisha mbinu. Upatanisho kwanza. Nilikwenda kwa Shangazi Rosette, dada ya baba yangu, ambaye anajua namna ya kuomba wazee. Nikamweleza habari ya korongo mwanzo mpaka mwisho. Akanisikiliza vizuri sana. Swali lake lilikuwa moja: je, huyo Zéphirin ndiye mwenye yule binti mrefu wa kwaya? Nikasema ndiye, kwa nini? Akasema si kitu.

Alinifundisha. Jambo zito haliombwi mikono mitupu. Msichana haendi peke yake. Basi alitafuta kasiksi nzuri, pombe ya ndizi iliyolala siku zake, akaitoa kwenye bidon, lile dumu la manjano, kwa sababu bidon ni ya maji, akaimimina kwenye kibuyu na kukifunga shingo kwa majani ya mgomba. Kaka yangu Buhendwa akibebe. Buhendwa apige shati pasi.

Tukafika baada ya misa. Kibuyu kikawekwa katikati ya sebule. Papa Zéphirin akakitazama kibuyu, akamtazama Shangazi, akalitazama shati la Buhendwa. Akamwita mke wake, Mama Philomène. Mama Philomène akaingia, akaona, akatoka, akarudi na kitenge kipya. Wajomba wawili wakapigiwa simu wakaja mbio. Sikutegemea heshima ya namna hiyo kwa suala la wanyama.

Nilianza hotuba. Kila kiumbe hai kina haki. Shangazi akanibana goti: vijana hawasemi mbele ya kibuyu. Wakaongea wazee. Joviale akaitwa, akaulizwa kama wanywe. Akajibu, macho chini, kwamba wanywe. Nikawaza: nyumba gani hii, hata binti anaombwa ridhaa juu ya ndege! Mirija ikaingia kibuyuni, Shangazi upande huu, Papa Zéphirin upande ule.

Kisha wakaanza kuzungumza juu ya ng'ombe. Nilifurahi. Mjadala ulikuwa umepanuka.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Buhendwa amepata mchumba.

Baba yangu amenieleza wakati wa chai, kwa upole, kama unavyomweleza mgonjwa. Kibuyu kilichofungwa majani, shangazi wa kijana, kijana mwenyewe na shati la pasi: hayo hayana maana mbili, si kwetu Bukavu wala si kwao Masisi. Nikakimbia kwa Buhendwa kumwomba radhi. Alikuwa akipiga shati jingine pasi. Kumbe tangu mwaka jana anaimba sauti ya tatu nyuma ya Joviale na hajathubutu hata kumsalimia. Akanishika mikono miwili. Machozi yalimtoka. Akasema sitajua nimemfanyia nini.

Nilimwambia ukweli: nilikwenda kwa ajili ya korongo.

Habari mbaya imekuja mchana, Joviale mwenyewe kaileta ukutani. Presentation, yaani siku ambayo familia yetu itaingia kwao rasmi, ni tarehe 22, bustanini. Kutakuwa na ngoma na wageni wengi. Papa Zéphirin anaogopa Ministre atashtuka aruke. Basi safari hii hataki mkasi. Atakuja Théogène, mtu wa kutibu mbuzi, akate ncha ya mfupa wa bawa. Mara moja, isirudiwe tena maisha yote.

Mimi ndiye niliyeleta sherehe. Sherehe ndiyo imeleta kisu.

Joviale alisimama na beseni kiunoni. Leo hakusema kisu kama chumvi.

Jumamosi, tarehe 15 Juni

Mpango ulikuwa kamili. Jumamosi asubuhi ni salongo, mji wote unafagia, maduka yamefungwa, nyumba hazina watu. Joviale aliniachia lango wazi. Nilimkaribia Ministre na mahindi. Akaniruhusu. Siwezi kueleza uzito wake. Nilitegemea kitu kizito, kwa sababu ya fahari ile yote. Ni mwepesi kama mkate. Nilisikia moyo wake kwenye mkono wangu, unakimbia, wakati uso wake umetulia kabisa.

Nikamfunga mgongoni kwa kitenge, kama mtoto, nikafunika taji. Nilitaka kumfikisha kwenye uwanja ulio wazi, mahali anapoweza kukimbia na kushika upepo.

Kosa lilikuwa dogo. Nyumba hazikuwa na watu kwa sababu watu wote walikuwa barabarani. Wote. Pande mbili za njia, na makoleo, bila la kufanya isipokuwa kutazama anayepita. Pikipiki hakuna, zimezuiliwa mpaka kazi iishe.

Wamama walinisifu kwa kutembea na mtoto mchanga kwenye vumbi. Mmoja akauliza anaitwa nani. Nikasema Ministre, sikuwa na jina jingine karibu. Chef wa avenue, mkuu wa barabara yetu, akanipa fagio. Nikasema mama mwenye mtoto husamehewa. Akakubali ni kweli, mama husamehewa, akazunguka nyuma yangu kumwona mtoto. Akainama. Halafu: "Mama, huyu mutoto yako iko na mudomo murefu."

Taji likatokea. Avenue nzima ikaacha kufagia. Ministre akajinyoosha, akashuka kwenye kitenge kama mtu anayeshuka kwenye gari, akapita katikati ya makoleo na kurudi nyumbani kwa miguu. Watu wakampisha. Wengine walivua kofia, nadhani bila kujua.

Mimi nilifagia mpaka saa nne.

Alhamisi, tarehe 20 Juni

Théogène alikuja leo na kisu chake kwenye gazeti. Nikamfuata mbio na Shangazi Rosette, niliyemtoa sokoni na nyanya zake. Njiani nilimwambia nitafanya lolote. Akasema tulia, mwanangu, leo wewe usiseme kitu chochote.

Papa Zéphirin alikuwa amekwisha kumshika Ministre. Bawa lilikuwa limenyooshwa juu ya kibao cha kukatia mboga. Manyoya mapya yamekomaa, moja juu ya jingine, kama kurasa. Shangazi akaketi bila kukaribishwa, akapiga kelele ya huzuni. Aliuliza kama wanataka ndoa ife. Kwetu Bushi, upande wa Bukavu, akasema, kibuyu kikishanywewa, damu haimwagiki katika ua wa bibi arusi mpaka familia ziingie. Hata tone.

Sijawahi kusikia desturi hiyo. Nina bibi wawili na licence.

Papa Zéphirin alimtazama Shangazi, akalitazama bawa. Yeye ni mtu wa Masisi. Desturi zetu sisi Bashi hazijui, na anaogopa kuzikanyaga. Nilimwona akipima. Akauliza kama hata ndege. Shangazi akasema hasa ndege, na mkasi nao ni kisu. Akaliachia bawa. Théogène akafunga kisu chake kwenye gazeti.

Hapo Mama Philomène akauliza, kwa sauti ndogo, habari ya mbuzi wawili wa sherehe.

Shangazi hakuweza kurudi nyuma. Mbuzi nao damu. Kuku nao damu. Wageni watakula maharagwe na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Mjomba mmoja akasema sambaza pia wana damu. Shangazi akamjibu kwamba sambaza wanakuja Keshero wakiwa wamekaushwa, na aliyemwaga ni ziwa.

Hesabu ya shirika leo: korongo mmoja, mbuzi wawili, kuku sijui wangapi.

Jumamosi, tarehe 22 Juni

Nitaandika polepole.

Familia yetu iliingia. Hotuba zilikuwa ndefu. Maharagwe yaliliwa kwa adabu. Wajomba walikuwa wakitafuta ndani yake kitu kisichokuwemo. Upepo wa alasiri ulikuwa umeanza kupanda kutoka ziwani, ule unaogeuza majani ya mgomba yaonyeshe tumbo.

Ngoma zikapigwa. Mama Philomène akatoka kucheza, mikono wazi, juu, kama wachezavyo wanawake wa milimani. Ministre alikuwa pembeni, karibu na viti. Akainamisha kichwa. Akainua bawa moja. Akaruka kidogo, akashuka, akainama tena. Alikuwa akicheza naye. Watu walicheka mwanzoni. Kisha hakuna aliyecheka. Mama Philomène alifungua mikono, naye akafungua mabawa. Akarudi nyuma, naye akarudi nyuma. Mpiga ngoma alikuwa akimtazama ndege, si mke wa mtu.

Akaanza kukimbia. Hatua pana, katikati ya viti, kuelekea ukutani. Nikafikiri atagonga. Upepo ukaja juu ya ukuta, akaufungulia mabawa yote mawili, meupe, rangi ya kutu, na meusi kwenye ncha, na ardhi ikamwachia.

Aliupita ukuta kwa kiganja kimoja. Alizunguka juu yetu mara mbili, miguu imenyooka nyuma. Ile sauti ikatoka. Chungu kile kile. Safari hii kitu kilijibu: ni sisi, tulipumua wote pamoja.

Papa Zéphirin alikuwa amesimama. Alivua kofia, akaigeuza chini juu, akaishika mbele yake kwa mikono miwili, kana kwamba ndege anaweza kuanguka tena ndani yake. Aliishika hivyo mpaka ndege akawa nukta upande wa Sake. Akasema, bila kumwambia mtu, "Anajua njia."

Nilikwenda kusimama karibu naye. Nilitaka kusema kitu juu ya haki. Nikashika ukingo wa kofia.

Jumatatu, tarehe 24 Juni

Siwezi kulala kwa furaha. Alfajiri kimya. Papa Zéphirin amesimama bustanini na mahindi mkononi. Nimemwona kutoka kwenye tangi. Nimeshuka haraka.

Nimefikiri sana nini kilichomwokoa Ministre. Si karatoni. Si kitenge. Ni mbinu yangu ya upatanisho. Ilihitaji tu kusemwa wazi zaidi.

Kuna tumbili katika mtaa wa Katindo. Ana mnyororo kiunoni, amefungwa mlangoni kwa Mama Mukashyaka, mjane anayeuza bia. Nilimwona jana. Alikuwa ameshika mnyororo wake kwa vidole viwili, anauchunguza pete baada ya pete, kama bibi na rozari. Ana macho ya mtu aliyesoma.

Sikungoja. Asubuhi hii nimekwenda na Shangazi Rosette, ambaye alikuwa tayari mlangoni kabla sijamwita. Kibuyu kimechukuliwa kwa sababu jambo zito haliombwi mikono mitupu. Shangazi alitaka pia tubebe picha ya Gradi, mdogo wangu anayesoma Bukavu, ile ya diploma, yenye tai. Alisema kibuyu hakisafiri bila mwanamume. Sikuona ubaya.

Kuepuka makosa ya zamani, nimesema mapema na kwa sauti: tumekuja kwa ajili ya tumbili. Mama Mukashyaka akaitazama picha ya Gradi, akasema amenielewa vizuri kabisa. Akaenda kubadilisha kitenge.

Ana binti, anaitwa Héritière. Ameitwa, akaulizwa kama tunywe. Akasema tunywe.

Tumekunywa.