Mbuzi wa Mahari ya Lionel

Jumatatu, 3 Juni

Orodha ya mahari imefika. Mungu akipenda, kijana wetu Lionel anamuoa Jemima, wa hapa hapa mtaani Kabondo. Vitenge, koti la baba mkwe, mbuzi mmoja. Nimeisoma mara tatu. Mbuzi mmoja, hawakuandika wa namna gani. Nimemshukuru Bwana. Uani ninaye mmoja: amekonda, anakohoa, sikio moja nusu.

Jumatano, 5 Juni

Baada ya misa nimemwuliza Hubert, mwalimu wa falsafa. Anasema Ugiriki ya zamani mzee mmoja alifundisha kwamba Mbuzi mwenyewe, mkamilifu, asiyezeeka, yuko juu, anaonekana kwa akili tu. Hawa wa huku chini wanaitwa mbuzi kwa sababu kila mmoja anashiriki kidogo katika yule. Nikauliza kama anayekohoa naye anashiriki. Ndiyo, bila shaka.

Nimerudi nikiimba. Mke wangu Adèle ameuliza mzee huyo aliozesha watoto wangapi. Sijui.

Jumamosi, 8 Juni

Aibu. Kwao Jemima walitupokea kwa sala na samaki. Nikamleta mbuzi, akakohoa mbele ya wote. Tonton Benoît, mjomba na msemaji wao, akauliza huyu ni mnyama gani. Nikamweleza Mbuzi wa juu. Nilieleza vizuri, nadhani. Donc, kwa hiyo, nikamaliza, mbuzi iko mbuzi.

Akasema bon, sawa papa, tumeelewa.

Desturi ni kumleta kwanza mwanamke mwingine, amefunikwa kitenge. Bwana harusi anamkataa, tunacheka, ndipo bibi harusi anatoka. Lionel akafunua: shangazi yake Jemima, Chimène, mjane wa miaka sitini. Tukacheka. Tonton Benoît hakucheka. Akasema ndiyo huyu, hakuna mwingine. Mwanamke iko mwanamke, na yule mkamilifu mumutafute huko juu, kwa Mbuzi yenu. Shangazi Chimène akamshika Lionel mkono, akamwita chéri, mpenzi.

Lionel akasimama. Akasema hakuja kuoa mwanamke, alikuja kumuoa Jemima, yule anayecheka kabla hajamaliza kusimulia. Katika chumba cha ndani mtu alikuwa akilia.

Tumepewa mpaka Jumamosi ijayo tulete mbuzi wa heshima. La sivyo, uchumba umekwisha.

Jumapili, 9 Juni

Kanisani sala haikupanda. Nilikumbuka Isangi, kwao Adèle, miaka ishirini na sita iliyopita. Walinifunikia wanawake watatu, nikamjua Adèle kwa miguu yake, namna anavyosimama kama mtu anayetaka kuondoka. Wengine walikuwa wazuri. Hawakuwa yeye. Na Mungu naye, nafikiri, hapendi watu kwa jumla tu. Anamjua kila mmoja kwa jina.

Nimemwomba Lionel msamaha. Alinimiminia chai.

Jumanne, 11 Juni

Nimemsimulia Hubert. Kumbe yule mzee alikuwa na mwanafunzi aliyempinga! Huyo alisema hakuna Mbuzi wa juu. Umbuzi uko humu humu, ndani ya mbuzi huyu na yule, mzima, si nusu. Nikauliza kama uko mzima hata ndani ya mbuzi mdogo. Mzima kabisa, akasema, lakini papa, kwa nini unauliza?

Nimetoka sokoni sasa hivi. Mwanambuzi mzuri sana, hakohoi, masikio yote mawili. Ana wiki tatu. Lionel atambeba kwapani.

Adèle bado sijamwambia.