Paka wa Mama Mkwe na Fataki za Jumamosi

Jumatatu, 4 Agosti

Balaa! Uwanja mpya wa mpira nyuma ya mtaa wetu unafunguliwa Jumamosi, kwa fataki. Mama mkwe aliposikia, aliweka kikombe chini, hakukishika tena. Paka wake, Meneja, ni kumbukumbu aliyoachiwa na marehemu baba mkwe. Mwaka jana fataki za arusi ya jirani zilimtorosha paka huyo, na mpaka alipopatikana, mama alikuwa hali chakula. Shemeji, kaka wa mke wangu, mjuaji tangu kuzaliwa, amejitolea kumhamishia Meneja kwake. Apate sifa yeye? Thubutu! Nimetangaza mbele ya wote: niachieni mimi. Mke wangu ameniangalia kwa huruma. Sijui kwa nini.

Jumanne, 5 Agosti

Mke wangu kanikokota kwa daktari wa mifugo. Ushauri wake: chumba tulivu, pazia lifungwe, boksi lenye nguo ya mama, paka aachwe ajifiche atakapo. Basi! Kasoma miaka yote hiyo aje kutuambia tufunge pazia? Wahenga walishasema dawa ya moto ni moto. Jioni nimepuliza mfuko wa karatasi, nikaupasua nyuma ya Meneja. Kwa upole. Kapanda pazia hadi juu, pazia likashuka naye. Mke wangu amesema daktari alitaka lifungwe, si ling'olewe.

Jumatano, 6 Agosti

Pamba masikioni! Wazo la kitaalamu. Mkono wa kulia sasa una mistari kama daftari. Wa kushoto pia. Shemeji amepita "kusalimia tu", akauliza nimepigana na nani. Nimesema cherehani. Meneja akiniona sebuleni hutoka kama mwanafunzi aliyemwona mwalimu sokoni.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimemeza fahari, nikaazima spika ya shemeji. Mpango: milio ya fataki kutoka kwenye simu, kwanza chini, kisha juu polepole. Hakuna aliyeniambia spika ilikuwa imefunguliwa sauti hadi mwisho. Mlio! Jirani kalala kifudifudi uani. Meneja kaingia chini ya kitanda cha mama, kagoma kula.

Mama mkwe hakufoka. Heri angefoka. Alikaa sakafuni kando ya kitanda, akaniambia taratibu, "Mkwe wangu, huyu hana kosa. Marehemu alikuwa akimwimbia tu."

Nilikosa pa kuficha uso. Kwa muda nikafikiria kumsikiliza daktari. Ikapita.

Ijumaa, 8 Agosti

Mimi si fundi makochi bure! Nimeunda Kasri la Ukimya: sanduku la mbao, sponji ndani pande zote, kitambaa laini, mlango wenye komeo. Linapendeza hadi unatamani kuwa paka. Shemeji kauliza hewa itapita wapi. Wivu! Alipoondoka nikatoboa matundu.

Jumamosi, 9 Agosti

Meneja kakataa kuingia. Nikaingia mimi, nimwoneshe mfano. Mlango ukajifunga. Komeo liko nje. Nikapiga kelele hadi sauti ikakauka. Kasri linafanya kazi: hakuna aliyenisikia! Jioni shemeji alikuja kufuata spika yake, akaona kidole changu kikitokeza tunduni, akanifungulia, akacheka hadi akakaa chini. Hapo hapo fataki ya kwanza ikalipuka.

Sikumbuki kuamua lolote. Nilijikuta tu chini ya kitanda cha mama mkwe.

Meneja alikuwemo humo, ndani ya boksi la kadibodi, juu ya kitenge cha mama. Pazia lilikuwa limefungwa. Mke wangu alikuwa ameandaa yote tangu asubuhi, kimyakimya. Juu yetu mama aliimba kwa sauti ndogo. Kila mlipuko, nilitetemeka mimi. Meneja alinitazama, akapiga miayo, akaweka mguu juu ya mkono wangu. Tukakaa hivyo hadi mwisho.

Jumapili, 10 Agosti

Meneja yupo! Mama kala vizuri, anatabasamu. Mke wangu anasema tumshukuru daktari. Sikubishana. Ni wazi paka katulia kwa sababu ya mazoezi yangu ya wiki nzima.

Nimepata habari kuwa mbwa wa shemeji anaogopa radi. Maskini! Nimempigia kumwambia dawa ninayo: mabati mawili na nyundo. Kasema mbwa kasafiri. Nimemsikia akibweka nyuma yake.

Kesho naenda mwenyewe.