Muuaji wa Jumapili, Saa Mbili Usiku

Jumatatu, 11 Novemba

Jana kwa jirani yangu Bi. Hilary, kwenye mchezo wetu wa upelelezi wa televisheni, nimekosea tena kumtaja muuaji. Wiki ya ishirini na sita mfululizo! Niliandika kasisi. Kumbe muuaji ni mke wa daktari wa mifugo. Nani angemdhania mama yule, na jinsi anavyooka keki?

Roland Peasgood kapatia, kama kawaida yake. Alikuwa mfamasia hapa Nether Wadlow miaka arobaini, na bado ananitazama kama nimekuja kuchukua dawa ya kufunga choo. Wala si akili. Anatafuta mwigizaji maarufu kuliko wote katika wageni wa wiki hiyo, anaandika jina lake, basi. Ati hawamlipi mtu kama yule aje kumimina chai tu.

Sheria za Bi. Hilary ni zile zile. Matangazo ya biashara yakianza, yeye anateleka birika. Kabla maji hayajachemka, kila mtu awe ameandika jina la muuaji na kuliweka chini ya kofia ya sufu ya kufunikia buli la chai. Hakuna kubadilisha.

Ila jana kulikuwa na jipya. Binti yake kamletea tiketi mbili za basi, siku mbili za kutembelea vijiji ambako mchezo wetu hupigwa picha. Kanisa, daraja, baa, hata kisima alimotupwa yule mtunza bustani! Roland akadakia kwamba tiketi ya pili apewe atakayepatia Jumapili ijayo. Bi. Hilary akacheka, akasema tutaona.

Siku mbili kiti kimoja na Bi. Hilary! Tangu mke wangu Muriel aondoke na fundi wa paa sijakaa kando ya mwanamke yeyote, ukiacha wale niliokuwa nawatahini udereva, na wengi walishuka garini wakilia. Nampenda Bi. Hilary. Nimeshaandika, sifuti.

Jumanne, 12 Novemba

Mungu si Athumani! Nimesoma gazeti la ratiba za televisheni. Kuanzia Jumapili hadi Aprili wanarudia vipindi vya zamani, cha kwanza kile cha mpiga kengele wa kanisa. Kina miaka kumi na tano, na sisi watatu hatujawahi kukiona. Maana yake muuaji ameshajulikana, yupo mahali, ananisubiri.

Nikapanda basi hadi mjini, kwenye duka la mitumba la hisani. Nimepekua sanduku la DVD saa nzima. Nikaipata, katikati ya mazoezi ya viungo na harusi ya mtu nisiyemjua. Nilimwambia mama wa dukani ni zawadi ya mpwa wangu. Hata hakuwa ameniuliza.

Nyumbani, mashine yangu ya DVD imegoma kufunguka. Nikaingiza kisu cha siagi. Sasa kisu nacho kimegoma kutoka.

Alhamisi, 14 Novemba

Maktaba wana kompyuta inayocheza DVD. Nimejibanza kona, hedifoni masikioni. Mambo yakaenda vizuri mpaka maiti ya kwanza ilipodondoka kutoka kabati la nguo. Nikapiga ukelele. Watu wote wakageuka. Mkutubi, Bi. Prudence, akaja kunikumbusha kwa upole kwamba pale ni mahali pa kimya. Maiti ya pili nikapiga mwingine, mkali zaidi. Upole ukaisha. Nimetolewa nje zikiwa zimebaki dakika kumi muuaji atajwe!

Mlangoni nilimsihi aniambie yeye, maana alikiri amekiona kipindi hicho mara tatu. Alinitazama kama nimemwomba avue soksi. "Bwana Tottle," akasema, "niulize umri wangu, niulize uzito wangu. Hilo usiniulize!"

Ndivyo tulivyo hapa. Mtu atakusimulia upasuaji wake wa nyongo mbele ya supu yako, lakini muuaji hamtaji hata kwa mtutu wa bunduki.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimerudi maktaba na kofia nyingine, nisitambulike. Maiti zilipokaribia niliuma skafu.

Ni daktari wa meno! Na yule mwigizaji maarufu, ambaye Roland lazima atamwandika, anauawa nusu ya pili. Roland kwisha habari yake! Nimepiga pasi shati jeupe. Mara mbili.

Jumapili, 17 Novemba

Nimeshinda. Mbona basi nimekaa jikoni hivi, na koti sijavua?

Tulikaa kama siku zote, Bi. Hilary katikati, Roland kulia na sahani ya biskuti, mimi kushoto. Bi. Hilary huogopa sana maiti. Anapenda kuogopa, ila lazima awe na mto wa kochi wa kuficha uso, na leo mto ulikuwa upande wangu. Mjakazi wa kwenye mchezo alipoanza kupanda ngazi kwenda chumbani, nikamsogezea mto. Huruma tu! Akanishukuru. Kabati likafunguka, maiti ikaanguka. Akageuka akanitazama, kwa muda mrefu.

Nikaandika daktari wa meno. Roland akaandika mtu wake maarufu, ambaye baada ya chai alikutwa anaelea bwawani. Roland akatoa sauti ya mtu aliyekalia miwani yake. Pingu zilipofungwa nikaruka juu, nikatangaza kwamba nilimshuku tangu mwanzo, kwa macho yake tu. Bi. Hilary akasema hongera, vile unavyomwambia mtoto aliyemaliza mboga zake.

Roland alikuwa amenywea, analalamika kwamba waandishi wa siku hizi hawana haya. Bi. Hilary akamshika mkono. Akampa tiketi. Yeye aliyekosa!

Jumatatu, 18 Novemba

Bi. Hilary kabisha hodi asubuhi na kipande cha pai. Hakutaka kukaa.

"Clifford," akasema, "ule mto ulifika kabla ya maiti."

Nikakiri. Hakuwa na hasira, na hilo limeniuma zaidi. Alisema marehemu mume wake Gerald alikuwa akitafuta kwanza mwisho wa kila hadithi. Miaka thelathini na moja kakaa kando yake na majibu yote mfukoni, anamtazama yeye anavyobabaika. Roland ana maringo, sawa, lakini jana kwa mara ya kwanza alishangaa kama binadamu, ndipo yeye Bi. Hilary akamwonea huruma. Kisha akasema kilichokuwa kikimfurahisha Jumapili ni mimi. Kila wiki namsingizia kasisi, napiga kelele, namwaga chai.

"Tunashtuka pamoja, mzee wewe! Raha yenyewe ndiyo hiyo. Nani kaua, shauri yake."

Kuna safari nyingine Aprili. Nikaribie Jumapili, lakini nije sijui kitu.

Alipoondoka nikalia kidogo. Wiki zote ishirini na sita nilikuwa mbele, na sikujua.

Jumanne, 19 Novemba

Nimetafakari usiku kucha na nimemwelewa vizuri kabisa. Bi. Hilary anataka mtu anayekosea. Sawa! Roland kakosea mara moja tu, tena kwa bahati. Mimi nitakosea kila wiki hadi Aprili, bila kuteleza hata mara moja.

Nimeagiza mashine mpya ya DVD na seti nzima ya mchezo wetu, misimu yote kumi na sita. Muuaji wa kila wiki lazima nimjue mapema, nisije nikamtaja kwa bahati mbaya.