Kamati ya Kupunguza Kimo cha Mto

Umma wote wa Ibanza na vijiji vinavyopakana na Kharumwa unatangaziwa kwa furaha kubwa kwamba tatizo la mto wetu Nyamisenga limekwisha, na kwamba limekwisha kwa hekima ya Serikali. Nayasema haya kwa mamlaka niliyopewa, kwa kuwa mimi, Mama Paskalina, mhitimu wa darasa la kisomo cha akina mama, ni mjumbe wa Kamati ya Wilaya ya Kupunguza Kimo cha Mto. Kamati ilianza na wajumbe watatu: mimi, Bwana Januari ambaye ni Karani Mkuu wa Boma, na kiti kitupu kilichomngojea Bwana Shauri, yaani Mkuu wa Wilaya.

Ni vyema nieleze mambo yalivyokwenda, ili wilaya nyingine zifaidike.

Masika mawili mfululizo, Nyamisenga ulifurika. Mara ya kwanza ulichukua vihenge vyote vya upande wa chini pamoja na mtama uliokuwamo. Mara ya pili ulikichukua cha jirani yangu Nyamizi, kikaondoka kizima na paa lake, huku kuku ameketi juu. Kuku yule hakuonekana kushangaa. Kufikia mwaka huu wa 1954, kijiji kilibakiwa na vihenge vinne tu, na hivyo vikienda, watoto wetu hawatakuwa na chakula mpaka mavuno. Tukaamua kumtuma mwanangwa wetu, yaani mkuu wa kijiji, mzee Maganga, Boma, akaombe magunia ya kujaza mchanga.

Sisi nyumbani husema mongo. Lakini darasani tulikuwa tumefundishwa kwamba Kiswahili chake ni mto, nasi tulimkaririsha mwanangwa neno hilo njia nzima ya kumsindikiza, asije akatuaibisha. Hakuna kijijini aliyejua kwamba neno hilo lina kazi nyingine. Sisi hulalia mkono.

Bwana Januari, mtu wa Pangani, alimpokea kwa adabu.

"Shida yako nini, mzee?"

"Mto, bwana. Uko juu mno."

"Juu kiasi gani?"

"Tukilala, unatufika shingoni."

Bwana Januari aliweka kalamu chini. "Pole sana. Na mmeutumia tangu lini?"

"Tangu enzi za babu zetu."

"Mto huo huo?"

"Huo huo, bwana. Kijiji kizima tunautumia mmoja."

Inasemekana Bwana Januari alitoa leso akajifuta macho. Mzee Maganga alirudi akatuambia kwamba Boma kuna watu wenye huruma, na kwamba kabla hajafika kwenye habari ya magunia alikuwa amekwisha kuahidiwa msaada.

Hivyo ndivyo Kamati ilivyoundwa. Haukupita mwezi, lori lilituletea foronya mia tatu za marekani nzito, zimeshonwa mara mbili, zote tupu. Bwana Januari alipanda juu ya lori akatoa maelekezo. Kwa kuwa wilaya hii inalima pamba, kila raia ajaze mto wake mwenyewe. Mto ukizidi kuwa juu, raia apunguze alichojaza. Wakati wa mpito, wote walale kwa ubavu.

Nyamizi alinyoosha mkono, kama tulivyofundishwa darasani. "Samahani, baba. Tukilala kwa ubavu, maji yataingia sikio moja tu?"

"Maji gani, mama?"

"Ya mto."

Bwana Januari alicheka kwa upole. "Mto hauwekwi maji, mama. Utaoza."

Nilipiga makofi, kama mjumbe. Nyamizi yeye aliichukua foronya moja, akaivuta huku na huku, akaipima kwa macho. "Hii inakula debe zima la mchanga," akasema. "Serikali ina namna yake ya kuleta magunia."

Tukaitekeleza sera. Darasa letu lote lilijaza mchanga uliochanganywa na udongo wa kichuguu, tukashona midomo kwa katani. Basumba, yaani vijana wanaolima kwa zamu shamba kwa shamba, waliacha mashamba ya mtu mmoja mmoja wakachimba mfereji mmoja wa wote, wa kuyapeleka maji mbugani. Mito ikapangwa ukingoni kama matofali, na mbele yake tukapanda matete.

Hatukuisahau nyumba ya wageni ya Serikali. Hiyo Boma iliijenga peke yake kwenye kona ya mto, mzee Maganga akikataza, ili mgeni anywe chai akiyatazama maji. Kwa heshima tukaizungushia mito thelathini.

Siku ya ukaguzi alikuja Bwana Shauri mwenyewe, na Bwana Januari mbele yake. Waliingia nyumba hadi nyumba wakitazama vitanda.

"Mito iko wapi?" aliuliza Bwana Januari.

"Imelala, bwana," alijibu Nyamizi, akawaonyesha ukingo.

Bwana Januari alikosa pumzi. "Mito ya Serikali kwenye matope?" Akaamuru ile thelathini ya nyumba ya wageni ing'olewe saa ile ile, imwagwe mchanga, ifuliwe, ikaushwe, ijazwe pamba, na itandikwe chini ya kichwa cha Bwana Shauri ili ubora wake uthibitishwe.

"Bwana," alisema mzee Maganga, "yale mawingu ya juu huko."

"Mawingu hayamo katika kazi za Kamati hii."

Tukatii. Jua lilikuwa kali, foronya zilikauka upesi. Bwana Shauri alikula, akaingia nyumba ya wageni, akapanda kitanda chake cha safari, akalalia mito sita.

Maji yalikuja alasiri. Yalifika kwenye ukingo wetu, yakausukuma, yakashindwa, yakafuata mfereji hadi mbugani. Vihenge vinne havikulowa hata mguu. Kisha yakafika kwenye ile kona, yakakuta mlango uko wazi, yakaingia. Yalikuwa maji ya magoti kwa aliyesimama, na ya shingo kwa aliyelala.

"Januari," sauti ya Bwana Shauri ilisikika mpaka kwetu. "Januari, mto uko juu. Umenifika shingoni."

Bwana Januari alikuwa amesimama juu ya meza barazani. Ni mtumishi mwaminifu, na kanuni anazijua. "Punguza mmoja, bwana," akajibu. "Na ulale kwa ubavu."

Walioshuhudia wanasema Bwana Shauri aligeuka.

Basumba walimbeba mgongoni hadi kwa Nyamizi, naye akamsongea ugali wa mtama kutoka kwenye kihenge kikavu cha shemeji yake. Mzee Maganga alisogeza kigoda karibu na moto, akamtazama mgeni kwa huruma ya kweli.

"Pole sana, bwana," akasema. "Na umeutumia tangu lini?"

Kwa kuwa kiti cha tatu kilikuwa kimepata mwenyewe, niliifungua Kamati pale pale jikoni. Niliwasilisha hoja ya foronya mia tatu nyingine. Bwana Shauri, akitetemeka ndani ya kaniki ya Nyamizi, aliafiki kabla sijamaliza sentensi.

Bwana Januari aliuliza kama pamba iagizwe pamoja nazo. Hoja yake haikupata wa kuiunga mkono.