Zaburi, Asali na Tumbo Yangu

Batu yangu, leo nimepata haya! Muache nieleze mwenyewe, mbele muji yote ya Butembo haijaongeza chumvi.

Munajua miye ni mwalimu wa biolojia, tena niko mu korali. (Sauti iko. Uoga iko zaidi.) Leo njo nilipaswa kuimba zaburi peke yangu. Na mama ya Kavira, muchumba wangu, ametoka Lubero kuniona mara ya kwanza. Akinikatala, ndoa hapana.

Mu korali yetu, kwa sauti ni asali. Kijiko moja tu. Miye, juu ya uoga, saa kumi na mbili nimekunywa kikombe nzima!

Zaburi inafika. Beti ya kwanza, vizuri kabisa. Mama ule anatikisa kichwa, anafurahi. Ninashusha mikro ya kuimbia mbele ya tumbo, nivute pumzi kidogo. Kanisa kimya.

Tumbo ikajibu.

Grrruuuu! Mu baffle zote, sauti inajaza kanisa!

"Ekie!" mutu moja anasema. Nyuma yangu mu korali Kahindo, mwanafunzi wangu aliyeniona na kile kikombe, anaelezea mwenzake: "Njo ile fructose ya asali! Monsieur alitufundisha: glucose inapita mbio, lakini fructose iko na mulango yake ndogo ku matumbo, kiisha inaenda kutengenezwa ku maini. Ikizidi, inabakia mu matumbo. Bamikrobe banaikula, banatoa gaz."

(Kumi juu ya kumi. Nilimufundisha vizuri, ole wangu.)

Kila nikinyamaza, tumbo inaingia. Basi beti ya mwisho nimeimba bila kupumua, juu isipate nafasi. Nimeshuka jasho inatiririka, Kavira amefunika uso na kitambaa.

Kiisha misa, mama anakuya moja kwa moja.

"Mutoto wangu, ulikuwa unaniogopa?"

"Ndiyo, mama. Sana."

"Na haukukimbia. Umemaliza zaburi." Anashika mikono yangu yote mbili. "Kavira, huyu nimemukubali."

Machozi ikanitoka, siwafichi. Halafu akafungua kitunga yake, akatoa bidon ya litre tano.

"Nilikuletea hii kutoka nyumbani. Kwa sauti yako."

Asali.

Sasa iko juu ya meza, tunaangaliana. Ndoa iko, batu yangu! Mucheke basi, lakini kijiko moja moja.